Mwasumini Wako Uko Mlangoni, Mawaleh

Zuwena, mwenzangu,

Mungu akurehemu. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho, maana nna jambo la kukiri, na unajua mie kukiri sikuzoea.

Anayeandika ni Raya, mjukuu wetu. Mie na kalamu hatukujuana, hilo pia unalijua. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Akiniandikia maneno ya mtu aliyesoma utadhani barua si yangu, utaiacha.

Tumehama Ghubra, kwenye nyumba yetu ya zamani. Nasir amemaliza nyumba yake huku Mawaleh, nyeupe, ngazi za marumaru, vyoo vingi kuliko watu. Mie kanipa chumba cha chini karibu na mlango, kwa ajili ya magoti yangu. Mwanao mwema. Lakini ni mwanao, Zuwena. Tumbo langu halikuzaa. Siku tuliyoingia nilikaa kitandani na nguo zangu bado zimo mkobani, najiuliza, nyumba ya mtoto wa mke mwenzangu, mie humu nani?

Nilichokuja nacho ni ahadi niliyokupa. Pale hospitali ulinishika mkono ukasema, "Bi Mkubwa, usiuache mti wangu wa asumini Ghubra." Na mie nikakujibu, "Nyamaza upumzike, nitaubeba kichwani." Ndiyo maneno ya mwisho niliyokwambia. Wengine huwaaga wenzao kwa dua. Mie nikakwambia nyamaza.

Basi nimeubeba. Si kichwani. Mafundi waliuchimba mzima na udongo wake, wakautia katika beseni lile kubwa la kufulia mazulia, wakaupakia kwenye gari la mizigo. Nikamwambia dereva aendeshe kama amebeba maiti. Akanitazama, akaendesha hivyo hivyo. Njia nzima mie nipo gari la nyuma, jicho langu kwenye yale majani.

Huku uwanja wa mbele ulikuwa mchanga na vifusi tu. Shamsa, mkaza mwanao, akanionyesha picha kwenye simu yake jinsi utakavyokuwa. Vitofali vya kijivu vya kuegeshea magari. Majani ya plastiki. Kokoto nyeupe kando ya ukuta, na mitende midogo mitatu imepangwa kama askari. Nikamuuliza mti wa Zuwena unakaa wapi hapo. Akasema, "Mama Mkubwa, tutautafutia pahala kule nyuma." Nyuma ndiko yaliko mapipa ya taka. Nikamwambia majani ya plastiki hata mbuzi hayataki. Akanijibu, "Ndiyo uzuri wake, Mama Mkubwa." Nilicheka moyoni, lakini usoni sikumpa.

Siku mafundi walipokuja kupanga vitofali nilitoa kiti changu nikakiweka mkono wa kulia wa mlango, pale pale walipotaka kupanga, nikakaa. Nilikaa hapo tangu alasiri. Wakanizunguka na vitofali vyao kama maji yanavyozunguka jiwe. Shamsa alichungulia dirishani mara mbili. Nasir akarudi kutoka kazini, akanitazama mie, akatazama dirishani, akavua viatu. Kisha akawaambia mafundi, "Hapo alipokaa Mama Mkubwa paacheni wazi. Upana wa kiti."

Basi mti wako ulipata upana wa kiti.

Ukashika. Wakati wa baridi ule ukatoa majani, nami nikatembea mbele ya Shamsa kama tausi. Halafu joto likaanza, na hapa ndipo kosa langu lilipo.

Kiwanja hiki kina kisima cha zamani. Nasir alisema tutumie maji ya bomba. Mie nikakataa. Maji ya bomba yametoka baharini yakapikwa kiwandani, nikasema, hayo yamekufa. Maji ya kisima ni maji ya Mungu. Sisi Unguja tulikuwa tunateka kisimani, tunakunywa, tunanywesha miti, na kila kitu kinaota mpaka mlangoni. Basi nikaunywesha mwasumini wako maji ya kisima asubuhi na jioni, kwa mkono wangu, na Bismillahi juu yake. Majani yakaanza kuungua pembeni. Nikasema ni jua, nikazidisha maji. Yakapukutika. Nikazidisha tena.

Shamsa anapita kwenda garini, anaona, hasemi kitu. Hilo ndilo lililoniuma. Angesema ningemjibu.

Asubuhi moja niliinama pale nikaona udongo umefanya ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika. Nikautia kidole nikauramba. Chumvi, Zuwena. Chumvi tupu. Miezi mizima namnywesha mgonjwa bahari.

Nikakaa chini pale pale kwenye vitofali, mtu mzima mie, sikuweza kuinuka. Nikakumbuka ndoo yako.

Ile ndoo ya bluu uliyokuwa ukiiweka chini ya bomba la eisi, Ghubra, inadondokewa kutwa nzima mashine ikitupoza ndani. Miaka yote ile nilikucheka. Nikisema, "Zuwena kaenda kukinga jasho la mashine." Nikisema ni ubahili, nikisema mbele za wageni. Na wewe siku moja ukanijibu, umeinama na ndoo yako, hata hukugeuka, "Bi Mkubwa, haya ndiyo maji pekee humu ndani yasiyo na maneno." Nilikasirika siku tatu. Kumbe ulikuwa unajua. Maji yale hayana chumvi, ndiyo maana mti wako ulikuwa vile. Mimi ningekuuliza ungeniambia. Sikuuliza.

Na sasa la kukiri.

Bwana wetu alipokuoa Unguja akakuleta huku ng'ambo, ulishuka na kijiti kimefungwa kitambaa cha maji ndani ya mkoba wako. Ukakipanda mbele ya nyumba niliyoingia mie kwanza. Kilipoanza kutoa maua ukawa unachuma alasiri yangali matumba, unasuka kikuba, lile shada la kuvaa. Siku za zamu yako unakivaa wewe. Siku za zamu yangu unasuka kingine, unakitundika kwenye kitasa cha mlango wangu, unakwenda zako bila kubisha. Raya ameacha kuandika ananitazama. Andika, mwanangu, hakuna aibu, ni sheria.

Kikuba cha kwanza nilikirusha nje ya ukuta. Nilidhani unanicheka, mwanamke asiye na mtoto. Cha pili nikakirusha, cha tatu nikakirusha. Uliviona, maana asubuhi ulikuwa unafagia huko nje. Zamu yangu ikifika, kikuba kipo kitasani. Mwaka mzima, Zuwena. Mpaka siku moja mkono wangu ulichoka kurusha nikakivaa.

Sijakwambia ahsante. Nilivaa vikuba vyako mpaka bwana wetu akafariki, na baada ya kufariki ukaendelea kunisukia, tena kila siku, sasa zamu hakuna, na bado sikukwambia. Nilikuwa nasema, "Leo umekaza uzi." Basi. Leo nakwambia ahsante, na Raya shahidi.

Nasir alinikuta pale chini kwenye vitofali. Nikamwambia nimeuua mti wa mamako. Akachuchumaa, naye akauramba ule udongo, akatema. Akasema, "Umeuguza peke yako siku zote hizi, kwa nini hukuniita?" Nikamwambia, nyumba ni yako, mie nakaa kwa watu. Alinitazama vibaya, Zuwena, sijapata kumwona kanitazama hivyo tangu mdogo. Akasema, "Mti huu ni wa mama zangu." Akainuka kumpigia simu fundi.

Nyumba mpya hizi maji ya eisi hayaonekani, yanafichwa ukutani mpaka kwenye mfereji wa choo. Fundi akapasua ukuta, ukuta mpya kabisa, akaling'oa bomba akalileta mbele. Wakaondoa vitofali mstari mzima na kokoto nyeupe za Shamsa, wakatoa udongo ule wa chumvi wakaweka mwingine. Shamsa amenuna mpaka leo. Nna haki gani ya kumlaumu? Na mie niliwahi kuona kijiti cha mtu kinapandwa mbele ya mlango wangu.

Sasa eisi inalia kutwa, na maji yanadondoka tone tone mpaka shinani. Matawi mawili tulikata, yamekufa. Moja limetoa majani matatu. Maua hakuna bado, sitaki kukudanganya. Nguo zangu nimezitoa mkobani.

Lala, mwenzangu. Nisamehe ile nyamaza. Nakuahidi mti nitauangalia mwenyewe, na nisipoweza tena, Raya keshajua ndoo na bomba. Yakija maua, vidole vyangu vibovu lakini nitasuka, na kikuba cha kwanza nitakitundika kwenye kitasa cha Shamsa. Raya anacheka, maana ni mama yake, anasema atakirusha nje.

Akikirusha, kesho yake nitamtundikia kingine.