Konzi Tano za Mama Noela

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mke wangu, Mama Noela, kavunjika mkono wa kulia jana. Kajikwaa kwenye ngazi za kanisa, na ilikuwa Pentekoste! Plasta wiki sita. Lakini kinachomuuma ni vitumbua. Miaka kumi na nane anauza hapa barazani, sasa anawaona wateja wake wote wakihamia ng'ambo ya barabara. Nimemwambia nitapika mimi. Amecheka mpaka machozi. Sawa. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mbili — kitumbua kitanishinda nini?

Jumanne, 10 Juni
Nimeomba vipimo. Mchele: kopo moja, lijae mpaka lifanye kilima. Tui: mpaka rojo iwe nzito, lakini isiwe nzito. (!) Sukari: konzi tano. Konzi niliyoijua mimi darasani ni ya kichwani! Nikachota zangu tano. Masanja, anayekula sita kila asubuhi kabla ya kupanda trekta kwenda Michenga, kauliza kama siku hizi tunauza asali. Kumbe kiganja changu ni sinia.

Jumatano, 11 Juni
Nimeazima mizani kwa Kelestini wa dukani. Konzi haina gramu mpaka ujue ni ya nani. Mama Noela kachota kwa mkono wa kushoto, kaonja rojo, kaongeza kidogo, kaonja tena. "Hapo." Nikapima kilichopungua kwenye mfuko: gramu 260. Nimeandika kwa chaki ukutani, tarakimu kubwa.
Ila rojo ilikuwa maji matupu. Nilipima kilo moja ya mchele uliolowekwa usiku kucha. Robo ya kilo ile ni maji! Mwalimu mzima. Mama Noela kafurahi sana.

Jumamosi, 28 Juni
Vimeisha saa mbili kasoro! Masanja kashikilia kwamba leo kapika mama mwenyewe. Nimetembea kifua mbele mpaka sokoni.

Jumatatu, 21 Julai
Plasta imetoka. Mkono umekonda, vidole vigumu, ngumi haifungi. Daktari kasema ni mazoezi, polepole. Mama Noela kasema kesho nisiguse jiko lake.

Jumanne, 22 Julai
Kaamka kabla yangu, anaimba. Kafuta chaki yangu ukutani. Kachota konzi tano kwa mkono wa kulia, na sukari inavuja kati ya vidole, na yeye haoni. Hakuonja. Mkono ule anauamini, hajawahi kuuonjea.
Alipotoka kuchochea mkaa nikapima mfuko haraka: gramu 150. Nikaongeza vijiko saba, nikakoroga, nikasimama mlangoni kama sijui lolote.
Masanja kala wa kwanza, kafumba macho. "Mama, sasa umerudi."
Mama Noela kanigeukia kwa furaha, kainua mkono. "Umeona? Haujasahau." Nikasema naona. Roho iliniuma, lakini nilikuwa na furaha pia. Sijui vinakaaje pamoja.

Jumatano, 23 Julai
Gramu 155. Imeongezeka tano! Na siwezi kumpongeza. Vijiko saba tena.

Alhamisi, 24 Julai
Leo nilichelewa, nikafanya kwa pupa. Nageuka na kijiko mkononi — yuko mlangoni na kipepeo cha mkaa. Nikafunika ndoo.
"Vijiko saba, Baba Noela," kasema. "Umeishia vitano."
Nikafunua, nikaongeza viwili. Yeye kaenda kuangalia mafuta. Tumeuza vyote, tumetaniana na wateja, na kuhusu sukari hakuna aliyefungua mdomo.
Sasa ni jioni. Kakaa uani, ana soksi zangu kazikunja zikawa mpira, anazibana, anaachia, anazibana. Uso kaukunja. Nimejifanya nasahihisha kitu humu daftarini. Ananiita.
Anasema nilete mizani.