Betri Mbili za Tela

Jumatatu, 7 Julai 2025

Mita ya betri 12.4. Ukungu siku ya nne. Choo chenyewe nakifuata kwa kukumbuka kilipo.

Nimepanda ngazi kupangusa sola juu ya tela. Kupanda ngazi kwa umri huu ni upumbavu, lakini nani mwingine apande? Stephano mwanangu yuko Arusha na wageni wake. Tela ni lake, la kulaza watalii. Ekseli ilivunjika akaliacha hapa uani. Tangu baba yake aanze kuhitaji mashine ya hewa, mtalii ni Nathanieli, mume wangu. Nguzo za umeme ziliishia kwa mwenyekiti, na sisi tuko juu ya mwenyekiti.

Nimefungua betri zote mbili, nimeongeza maji. Yale ya dukani, ya betri. Nathanieli anasema ya chemchemi yetu ni safi zaidi, hayajawahi kuua mtu. Nikamwambia hayajawahi kunyweshwa betri pia. Vichwa vya betri vilikuwa na ule unga wa kijani. Nimeosha kwa maji ya moto na magadi, nimepaka mafuta ya mgando. Mgongo umekataa kunyooka.

Fundi Rajabu ndiye aliyesema niandike mita kila siku. Ikishuka chini ya 12, zima mashine. Basi naandika. Herufi nilizipata ukubwani, darasa la watu wazima la kanisani. Kalamu ikiwa mkononi, naandika na mengine.

Jumatano, 9 Julai

Mita 12.2. Jua lilitoka kidogo saa sita, kama mtu aliyechungulia akaona hapafai.

Kristian amefariki. Jirani yetu wa hapo chini. Alikuwa anamwagilia kabichi, akakaa, hakuinuka tena.

Mchana akaja Heri, mwanawe mkubwa. Shikamoo bibi — halafu kimya. Nakijua kimya cha mtu anayetaka kitu. Mwisho akasema jenereta la kanisa limekufa, watu wanakaa gizani, mama yake hataki kibatari chini ya turubai. Anaomba betri moja.

Nikamwambia hayo ni mapafu mawili ya babu yako. Akasema ndiyo, bibi, akageuka kuondoka.

Nathanieli akagonga kioo cha tela kwa pete yake. Mpe, akasema. Nikamuuliza nikishampa, wewe utapumua kwa nini, kwa masikio? Akanijibu vipande vipande, kama anavyoongea siku hizi. Mwezi wa nne. Machela, wakinipeleka hospitali. Matope hadi magotini. Kona ya mbele kulia alishika nani mpaka barabarani, kama si Kristian? Wenzake walipokezana, yeye alikataa kupokewa. Mpe.

Nimempa. Nimemwambia Heri taa tu. Kinanda hapana, simu za wajomba hapana.

Sasa mashine tunaiwasha kidogo asubuhi, kidogo jioni. Katikati Nathanieli anakaa wima na mito mitatu na kuniambia yuko sawa. Mwongo mkubwa.

Ijumaa, 11 Julai

Tumezika. Nimemenya viazi ndoo tatu. Nimelia kidogo tu, kulia kwenyewe kunataka nguvu. Eliza, mjane, nimemshika nikamlisha uji kwa kijiko kama mtoto. Akagoma. Nikamwambia utakunywa au nitakumwagia. Akanywa.

Betri imerudi. Heri na mwenzake Elisante wameibeba kwa mti, imening'inia katikati. Nikamuuliza Heri: taa tu? Akaangalia viatu. Kwaya ilikuja na kinanda, bibi. Na simu? Na simu, bibi, watu wametoka mbali.

Sikumgombeza. Kijana amemzika baba yake leo.

Ile niliyobaki nayo inasoma 12.1. Hii iliyorudi, 10 na kitu, kama maiti. Nimezifunga pamoja kama zamani, waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Mtoto mgonjwa unamlaza na mzima apate joto. Kesho itakuwa imeamka.

Nalala na viatu.

Jumamosi, 12 Julai

Mita 11.6.

Sielewi. Hatukuwasha hata taa. Ukungu bado, sola nimezipangusa mara tatu.

Nimempigia Rajabu nikiwa mlangoni mwa tela, simu chini, spika wazi, maana mikono imejaa mafuta. Akauliza umefanyaje, nikamweleza. Akasema, bibi, umeunganisha iliyokufa na nzima? Mbovu inainyonya nzima. Zitakufa zote. Itenge sasa hivi, hata jua likitoka umeme wote utakwenda kwa mbovu.

Nikasema nilidhani itaamka. Akasema betri si mtu, bibi yangu. Yeye yuko Mombo, atapanda Jumatatu.

Nimechukua spana, nimeitenga. Kuivuta hadi nje nimepumzika mara nne.

Nikiinuka, Nathanieli ananitazama. Mashine imezimwa, mrija uko puani bure. Alitazama mgongo wangu muda mrefu. Mama Stephano, akasema, fundi amesema kweli.

Nikasema fundi amesema habari za betri.

Akasema na mimi nasema habari za betri.

Nikamwambia funga mdomo upumue. Kisha nikaenda nyuma ya jiko, nikakaa juu ya kuni mpaka uji ukaungua.

Jumapili, 13 Julai

Mita 11.3. Nimewasha hivyo hivyo. Inveta ya kugeuza umeme wa betri ikalia kidogo, mashine ikazimika. Midomo yake ina rangi ya zambarau.

Kumbe amempigia Heri mwenyewe, mimi nikiwa chemchemini. Wamekuja Heri, Elisante na Shabani wa dukani, na machela ileile ya mwezi wa nne. Gari linasubiri barabarani, hospitali kuna umeme na hewa. Nathanieli amewaambia wambebe wao, huyu mama abaki alale siku mbili. Amesema huyu mama, kama hanijui.

Naandika juu ya goti wakati wanakaza kamba. Daftari linaingia kwenye kikapu na uji na blanketi.

Wanaume wengine wote wako ibadani ng'ambo ya bonde. Kuwasubiri ni mpaka saa saba. Nimemwangalia kifua, saa saba ni mbali.

Heri ameshika nyuma kushoto, Elisante nyuma kulia, Shabani mbele kushoto. Kona ya mbele kulia haina mtu. Wanatazamana. Hakuna anayelitaja jina.

Nathanieli anasema, Mama Stephano, usithubutu.

Nimekunja khanga, nimeiweka begani.