Mahali pa Kuwaonea Pofu

Jumatano, 11 Juni 2025
Papa leo tena kashinda akitazama ukuta. Nimemuuliza: bukari, ule ugali wetu, au wali? "Vile unapenda." Nifungue dirisha? "Vile unapenda." Tangu Mama afariki ndilo jibu lake kwa kila kitu, mwaka wa pili sasa. Hashuki ngazi hata kwenda kanisani. Ananichosha! Na namwonea huruma.

Jioni Serge, mdogo wangu, kaja na habari. Kuna hifadhi ndogo mbele ya Pinetown, si mbali na hapa mjini, ina pofu — wale swala wakubwa kama ng'ombe. Ujana wake wote Papa alilinda wanyama mbugani kwetu, Katanga. Aliposikia "pofu" aligeuza shingo. Kidogo tu. Lakini niliona! Natamani atake kitu tena. Kitu chochote.

Ijumaa, 13 Juni
Nimebishana na Serge kwenye simu kuhusu kumpeleka Papa, nikiwa saluni, kichwa cha mteja mkononi. Pofu wanaonekana alfajiri, sawa, lakini tukae wapi? Mimi nataka lile jiwe la kilimani nililoliona kwenye picha za hifadhi: bonde lote unaliona, tena kuna benchi, na magoti ya Papa mabovu. Yeye anataka chini, kwenye nyasi karibu na bwawa wanaponywea maji. Nimeshinda. Dada mkubwa ni mimi.

Papa? "Vile unapenda."

Jumapili, 15 Juni
Kesho sikukuu, saluni imefungwa. Chai iko kwenye thermos. Nimesukwa upya, nikapakwa yale mafuta ya nazi na vanila wanayogombea wateja. Natoka na Papa, si jambo dogo!

Jumatatu, 16 Juni
Naandika ndani ya gari. Baridi, eish!

Tulifika bado giza. Nikamshika Papa mkono tupande kwenye jiwe langu. Akasimama. Akaokota udongo mkavu, akauachia hewani, akautazama ukipeperuka kuelekea bondeni. Kisha akanusa. Akanigeukia.

"Mireille, uko unanuka saluni yote! Upepo unapeleka hii mafuta yako mpaka kwa maji. Pale juu hatutaona hata sungura."

Nikasema basi, Papa, tukae unapopenda wewe.

"Mimi nitazunguka ile ngambo, nilale mu majani. Serge, kuya twende. Wewe, Mireille, rudia mu motokari. Na funga vioo!"

Nimefukuzwa! Na baba yangu mwenyewe, nyama ya kusafiria nimekaanga mimi! Nimerudi garini nikicheka, halafu nikalia, halafu nikafunga vioo kama nilivyoagizwa.

Kunapambazuka. Ukungu. Bwawa silioni, miti imeliziba. Naona kofia ya Papa tu, chini kabisa kwenye nyasi. Kalala, na magoti yake yale mabovu! Serge kataka kuinuka, Papa kamvuta shati.

Sasa kanyanyua mkono, kiganja kimeelekea kwangu: usijitikise. Wamekuja? Siwaoni. Mkono bado uko juu. Naacha kalamu.