Maji Yangu Yalihudhuria Mkutano

Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mvua imetusamehe tangu asubuhi, ziwa linang'aa, na mimi nina aibu ambayo, ajabu, inanichekesha.

Umuganda wa leo, kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi, ulikuwa wa kuzibua mtaro unaoshuka kutoka kwangu, huku juu Mbugangari, mpaka kwa Mama Furaha kule chini. Nilichimba kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana. Mji umeomba kila isibo, yaani kila kundi la nyumba za jirani, litafute njia yake ya kutunza maji na lichague mtu wa kuisimamia. Nafasi hiyo niliitaka. Kwa umri wangu huu, sijawahi kuchaguliwa hata kupanga viti harusini.

Na jambo lenyewe si la mzaha. Maji ya bomba huja kwa zamu, na yakija, sisi wa juu tunayamaliza. Mama Furaha, anayepika maharage ya kuuza, hubeba madumu kutoka ziwani huku bomba lake likikohoa hewa tu.

Baada ya kazi tulikusanyika mbele ya nyumba yake. Nikasimama. Nilizaliwa Kigoma, na Kiswahili changu kikipata watu hakishikiki. Nikahimiza kuoga kwa ndoo, maji ya kufulia yatumike kudekia, mvua ikingwe kwenye mapipa. Vichwa vikaitikia. Nikajiona nimeshapita.

Ndipo maji yakaja.

Yalishuka kwenye mtaro, safi, yana haraka, yakiteleza vizuri mno pale tulipozibua. Kila mtu aliyafuata kwa macho kurudi juu, mpaka kwenye lango langu la bluu.

Asubuhi bomba, au robine kama wasemavyo hapa, lilikuwa kavu. Nikaliacha wazi juu ya beseni la bati, kama tunavyofanya wengi hapa, ili maji yakirudi yanipigie kelele. Bila shaka yalinipigia. Mimi nilikuwa ninahutubia.

"Papa Shukuru," Mama Furaha akasema taratibu, "mayi yako imekuya kunisalimia. Kila siku mi naingojea mu robine, kumbe inapita mu njia."

Mke wangu akaanza kulitazama ziwa kama mtu asiyenifahamu.

Nilikimbia kufunga, nikarudi nikihema, kicheko bado hakijaisha. Kiongozi wetu wa isibo, mama mpole asiyependa kelele, akangoja kitulie.

"Bon. Nani mwingine aliacha robine wazi?"

Mkono mmoja ukainuka. Kisha mwingine, na mwingine. Jirani yangu Damasi hakuinua wake. Aliondoka tu kwa hatua ndefu kuelekea kwake.

Nilimpenda sana Damasi wakati ule.

Mama Furaha ndiye aliyenitetea. "Muache kumusumbua. Nyumba yake iko ya kwanza ku tiyo ya mayi. Robine zote zikae zimefungwa. Mayi ikifika, ye apige sufuria, tusikie wote, kila mutu achote ya kumutosha."

"Na kama amelala?" mtu akauliza.

"Basi Mama Shukuru atamupiga ye," akajibu Mama Furaha.

Wakapiga makofi. Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ya shukrani, nikaimeza.

Mchana maji yalikatika. Jioni nikasikia bomba likiguna. Nikachukua sufuria kubwa na mwiko, nikasimama langoni, mwanaume mzima mwenye mvi, nikapiga. Watoto wakatoka kutazama. Damasi akapaza sauti kwamba amesikia, nisimtoboe masikio. Nikachota ndoo zangu, nikafunga, nikarudi langoni kusikiliza.

Kitambo kikapita. Nikaanza kujiona mjinga.

Halafu, kule chini kabisa, sufuria nyingine ikajibu. Ilipigwa kwa nguvu, bila mpangilio, na ikaendelea kupigwa. Maji yamefika kwa Mama Furaha, safari hii kwa njia yake, bombani.

Nimeingia ndani nikitabasamu peke yangu. Sufuria imebonyea ubavuni. Ni ile ya sherehe, aliyopewa mke wangu na mama yake, na bado hajaiona.

Hilo nimeliachia kesho.