Watu Yote

Kisii, Machi 1953

Mdogo wangu Mogire,

Uniwie radhi kwa kimya changu tangu mavuno. Mama hajambo. Mvua ya mawe iliharibu wimbi kule Sironga, lakini migomba imesimama.

Ofisini imebaki mashine moja ya taipu, kwa hiyo tulishindanishwa, mimi na Benter, binti Obiero, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha. Tulipewa tangazo la chanjo, lililotungwa na bwana mkubwa kwa Kiswahili alichojifunza kwa mpishi wake. Lilianza hivi: "Watu yote walete ng'ombe."

Nikapiga "Watu wote." Vidole vyangu vilikataa hiyo nyingine.

Benter akaniambia, "Mzee Ondieki, wewe nakili tu! Ng'ombe hawatasoma."

Makarani wakacheka. Nikaendelea kusahihisha kila mstari, naye akamaliza kabla sijafika katikati. Kila nilichosahihisha kilihesabiwa kosa.

Mashine amepewa yeye. Simlaumu, alilia mbele yangu. Mimi nimeambiwa niwe tarishi au nirudi nyumbani, nawe wajua kuwa shamba letu halitoshi kuwalisha watoto wangu, sembuse karo.

Kazi ya kwanza ya tarishi ni kubandika tangazo hilo sokoni Nyamira, kama Benter alivyolipiga. Liko hapa mezani, pamoja na gundi. Tangu jana nalitazama. Nikishaamua, nitakuandikia.

Ni mimi kaka yako,
Zakaria Ondieki