Nukta ya Wambeti

Majimbo, Embu
Jumapili alasiri

Dada yangu mpendwa Gatakaa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Embu. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Goti la mama limepata nafuu tangu mlipompeleka hospitali hapo Meru? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwa simu ungenikatiza, nami ningepata pa kujificha.

Unakumbuka shule yetu ilipewa darubini yenye kamera, nikakabidhiwa mimi kwa kuwa nafundisha fizikia. Kupiga picha ya nyota si kazi. Kazi ni kuisafisha. Kihisi cha kamera, kile kipande kinachopokea mwanga, kikipata joto hutia chengachenga kwenye picha, tena kina pikseli mbovu, vinukta vilivyoharibika vinavyong'aa kama nyota ambazo hazipo. Kwa hiyo naifunika kamera, napiga picha za giza tupu, kisha kompyuta inaondoa dosari hizo kwenye picha ya anga. Pikseli mbovu ikibaki, naifuta na kuijaza rangi ya jirani zake. Nimefanya hivyo miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kuniuliza nafanya nini.

Mwaka huu akaja mwalimu Wambeti. Kwao ni Kanja, ambako hakuna taa za mji, akaomba awe anaibeba darubini wikendi. Picha zake zikabandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Wazazi wakawa wanampongeza, nami nimesimama hapo hapo, niliyezisafisha. Dada, nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Mwezi uliopita aliniletea picha tano za galaksi moja. Alikuwa ameona nukta ambayo haikuwepo kwenye picha za zamani, akauliza kama inaweza kuwa nyota mpya. Nilimwambia ni pikseli mbovu. Alinishukuru kwa kumwokoa na aibu, nikaifuta akiangalia. Siku tisa baadaye wataalamu wa nchi nyingine wakatangaza kwamba wamegundua nyota iliyolipuka, ambayo huonekana kama nyota mpya, mahali palepale. Wambeti ndiye aliyekuja kunifariji, akisema kila mtu hukosea.

Dada, sikukosea. Kabla ya kumjibu nilikuwa nimeshahakikisha. Pikseli mbovu haihami kwenye kihisi. Nukta ile ilihama pamoja na nyota nyingine, picha hadi picha, kadiri darubini ilivyosogea, na kwenye picha za giza haikuwepo. Nilijua ni nyota. Niliifuta kwa sababu ilikuwa yake.

Ijumaa nilimweleza yote katika chumba cha walimu, nikampa picha zake za awali, ambazo sikuthubutu kuzitupa. Alizitazama moja moja, kisha akasema, “Mwalimu Kagwiria, niliyaamini macho yako kuliko yangu.”

Hakunishtaki kwa yeyote. Aliomba tu nimfundishe kusafisha picha mwenyewe, na kufikia jioni alikuwa ameshaweza. Nilipoona hanihitaji tena, wivu ukanichoma upya. Hilo ndilo linalonitisha, na ndilo nakuomba uniombee.

Mama usimwambie kwa sasa. Nitamweleza mwenyewe nikija Krismasi. Wabusu watoto, na shemeji mpe mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kagwiria