Ndoo Saba na Nyongeza Zimegomesha Kompyuta ya Binti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na shikamoo, ila kama nimekuzidi umri hiyo shikamoo nirudishie, maana nina binti anayesoma shahada ya takwimu na wa rika langu mwenye mtoto kama huyo hapa Ilemela sijamwona.

Mimi nauza dagaa, niliishia darasa la saba, lakini Raya wangu anazungumza na kompyuta, anaiandikia amri moja tu, tafuta wastani wa kilo za dagaa zinazouzwa kwa siku, nayo inapita na amri hiyohiyo mwalo kwa mwalo, kila ufuko dagaa wanakoshushwa, kuanzia Magu hadi huku kwetu, yeye amekaa anakunywa chai. Nimelitangaza hilo sokoni na kwenye kikoba chetu cha akiba, na pilau la kumpongeza nimeshaahidi. Sasa kompyuta imegoma. Inaanza vizuri, halafu inatoa maandishi mekundu na kusimama, haisemi imekwama mwalo gani, Raya anaanza upya, inagoma palepale, analia, hata kula hataki. Nami nikakumbuka kwamba jirani yangu Modesta alikuja kuomba chumvi, akaitazama ile kompyuta, akasema, "Kumbe na yenyewe inachoka." Mshauri, kauli gani hiyo kama si jicho la husuda?

Kinachoniuma zaidi, juzi Raya aliutoa mwalo wetu kwenye hesabu na kompyuta ikapita hadi mwisho. Nikamuuliza, kwetu kuna nini? Akaangalia chini. "Acha tu, mama. Nitaandika kwamba data za mwalo huu hazikupatikana."

Hazikupatikana vipi wakati nilizijaza mimi mwenyewe kwenye simu aliyonipa, tena vizuri kuliko wote? Wenzangu wa mialo mingine wameweka namba kavu kama za magari, mimi nilieleza mtu aelewe: "ndoo saba na nyongeza", na siku ya neema nikaandika "nyingi, muulize yeyote". Sasa utafiti unakwenda kwa msimamizi wake Jumatatu bila mwalo uliomlea. Nimkabili Modesta, au nimtafutie Raya mtu wa dua?

Mama Raya, Ilemela

Mshauri anajibu:

Mama Raya, shikamoo yako nimeirudisha, ipokee. Hongera kwa mtoto. Sasa kaa chini.

Mwache Modesta na chumvi yake. Jicho gani hilo linalopita Magu bila kudhuru, likaangukie palepale ulipojaza wewe? Kompyuta imeambiwa itafute wastani wa kilo. Ikikuta ishirini, inajumlisha. Ikikuta "nyingi, muulize yeyote", itamuuliza nani? Haijui ndoo yako ina ukubwa gani, wala kama nyongeza ni kiganja chako au cha mwenzako mwenye mkono wa birika. Imegoma kwa adabu kabisa. Ingekuwa mbaya zaidi kama ingekubali na kubuni.

Raya naye ana lake, msomee hapa. Binti, amri inayopita sehemu nyingi ikikwama, hairudiwi yote huku unalia. Ijaribu kwa mwalo mmoja kwanza. Kisha iagize itaje jina la kila mwalo kabla ya kuuingia. Jina la mwisho kutajwa kabla ya kugoma, hapo ndipo pa kufungua. Kumtoa mgonjwa nje si kumtibu. Na kuandika kwamba data hazikupatikana, ilhali aliyezileta yuko jikoni anakupikia, huo ni uongo, na msimamizi akiugundua, pilau hilo litaliwa kama la matanga.

Lakini nikurudie wewe, mama. Unadhani mtoto wa takwimu aliutoa mwalo wenu bila kuona ulichoandika? Ameona. Aliangalia chini kwa sababu kwake ni rahisi kuufuta mwalo mzima kuliko kukuambia, baada ya tambo zote zile, kwamba umekosea. Woga huo hakuuleta Modesta.

Kwa hiyo leo hii chukua ndoo yako na mzani, mwite. Jaza, weka nyongeza kama unavyomwekea mteja, pimeni pamoja, abadilishe kila ndoo kuwa kilo na aeleze kwenye utafiti mlivyopima. Ile siku ya "nyingi" aiache wazi na aseme haikupimwa, usimbunie. Na neno "nilikosea" lianze kutoka kwako, bila maelezo nyuma yake.

Pilau pika. Sahani ya kwanza mpelekee Modesta, ijae, na uweke nyongeza.